Mpira Niliouchora kwa Kokwa la Parachichi

Sisi tuliokulia Nkoaranga, kule Meru, enzi zile za kwenda shule na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, mpira tulijifunza kuuchora kwa mguu kabla ya kuuchora kwa penseli. Unasimama kwenye vumbi la uwanja wa shule, unakaza kisigino cha kushoto, unanyoosha mguu wa kulia, kisha unajizungusha taratibu huku kidole gumba kikikwaruza ardhi. Ukirudi ulipoanzia bila kuanguka, duara unalo. Humo tulicheza gololi, tukacheza mdako, na tukigombana tulimweka mchokozi katikati mpaka aombe radhi. Bikari shule nzima ilikuwa moja, ile kubwa ya mbao ya mwalimu wa hesabu, na mwenyewe alikuwa haiazimishi.

Leo nakaa Njiro, mjini Arusha. Nyumba ina ukuta na geti, uani sementi tupu. Hata ukitaka kukwaruza duara kwa kidole utajichubua bure. Juzi nilimkuta mjukuu wangu Glory amelala kifudifudi sebuleni, simu ya mama yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anajifunza kuchora katuni ya mpira. Kwenye simu inaonekana mikono tu, mwenye mikono hayupo. Mikono inachora duara, inasubiri. Inaweka macho mawili, inasubiri. Glory naye anachora, anafuta, anachora, anafuta, mpaka karatasi imeanza kutoboka. Nikamwambia atulize mkono, kidole kidogo akikaze kama kisigino, halafu karatasi ndiyo aizungushe. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Bibi subiri kwanza, yeye hajafika huko."

Basi nikaenda zangu barazani nikacheka peke yangu. Yeye hajafika huko, lakini mimi nilikuwa nimeshafika mbali, niko darasa la tano mbele ya Mwalimu Zakaria.

Mwalimu Zakaria alitufundisha sanaa na michezo, na wenzangu wa rika langu hawatashangaa nikisema alitufundisha pia kuimba na kupanda miti. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana suruali moja ya bugaluu iliyofagia vumbi kila alikopita. Hakuwa na rangi wala brashi za kutugawia. Alikuwa na chaki, nasi tulikuwa na penseli iliyokatwa vipande viwili ili mtu na mdogo wake wagawane. Ile mbinu ya kuzungusha karatasi ni yake. Alisema mtu anayechora duara kwa kukimbiza mkono atachora kiazi, na kweli alikuwa akipita kati ya madawati anahesabu viazi. Ukichora duara likakubali, anakwambia haya, sasa lipe uhai, maana duara bila macho ni sahani. Ndivyo tulivyochora machungwa yanayocheka, sufuria zenye hasira na jua lenye usingizi. Hatukujua kama ule ulikuwa uchoraji wa katuni. Sisi tulijua ni kipindi cha mwisho siku ya Jumatano, na baada ya hapo ni kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Na majani hayo, nyie wenzangu, mnayakumbuka. Mtoto wa Meru alikuwa hana ruhusa ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Ng'ombe yuko bandani, hatoki, anakusubiri wewe. Ukimaliza unakuta loshoro limepoa vizuri, ndizi na maziwa mgando vimeshikana, unakula na wadogo zako kwenye bakuli moja kubwa huku mnachungana nani anachota sana. Kahawa ikichanua baada ya mvua, harufu inaingia mpaka jikoni. Jua likishuka kidogo tunakimbilia mteremko wa nyuma ya nyumba, tunakalia magogo ya mgomba yaliyokatwa, tunateleza mpaka chini mtoni, kisha tunapanda tena na makalio yamekuwa meusi. Mama alikuwa hagombezi kwa sababu ya kuteleza. Alikuwa anagombeza kwa sababu ya sabuni.

Sasa mpira wenyewe. Watoto wa siku hizi wakisikia mpira wanawaza ule wa dukani, wenye upepo. Wetu ulianza na soksi iliyochoka, ukajazwa matambara, ukafungwa majani makavu ya mgomba, halafu ukasukwa juu kwa kamba za mgomba, vifundo kila mahali, mpaka ukawa na wavu wake wenyewe. Ukikauka unadunda kidogo, kama una bahati. Ukinyeshewa unakuwa mzito, na mvulana akiupiga kichwa anakaa chini kwanza akumbuke jina lake. Wasichana tulikuwa na wetu mdogo wa kuchezea rede. Tangu nizaliwe mpaka nafika darasa la tano nilikuwa sijauona mpira wa aina nyingine kwa macho yangu, na darasani karibu wote tulikuwa hivyo.

Muhula mmoja Mwalimu Zakaria akatangaza mstarini kwamba timu ya wavulana itashuka Tengeru siku ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kucheza na shule moja ya mjini. Jezi hatuna, akasema, lakini kila mchezaji ataleta fulana nyeupe, na kila fulana itachorwa mpira kifuani, mpira mchangamfu, mwepesi kuchora, unaofanana kwa wote. Darasa la tano ndilo litakalochora. Na atakayechaguliwa mpira wake atapanda lori pamoja na timu.

Lori lilitushtua sote, lakini mimi hata lori lenyewe silo lililoninyima usingizi. Niliwaza kitu nilichochora mimi, mtoto wa kike wa kukata majani, kinakimbia uwanjani kwenye vifua vya watu, na watu wengine wasionijua wanakitazama. Nilitaka niwepo. Nilitaka hilo kuliko nguo ya Krismasi, na nguo ya Krismasi mnajua ilivyokuwa.

Tulichora. Mwalimu alipokusanya karatasi akazibandika ukutani kwa ugali, maana gundi ilikuwa ndiyo hiyo, na karibu darasa zima lilikuwa limechora mpira wenye kamba. Wavu, vifundo, kila kitu. Hakuna aliyeona ajabu, mpira ndivyo ulivyo. Aliyetushangaza ni Zuhura, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja. Baba yake Zuhura alikuwa mtu wa Kondoa, walikuwa wamehamia kwetu kutoka mjini kufungua duka. Zuhura alichora duara zuri kabisa, halafu ndani yake akaweka vipande vyeusi vyenye pembe, kimoja katikati na vingine pembeni. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akachungulia. Wakamwambia amechora kobe. Zuhura akaapa kwamba mpira wa ngozi uko hivyo, ameuona mjini kwa macho yake, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyomuuliza kobe wake anakula nini.

Mwalimu Zakaria hakucheka. Alisema Zuhura hakukosea, mpira wa mjini ndivyo ulivyo. Akatazama ukuta mrefu ule wa mipira ya kamba, akajikuna kidevu, akasema ila hawa vijana wanavaa mpira wanaoujua. Akachagua wangu. Wangu ulikuwa na macho mawili makubwa kati ya kamba, kifundo kimoja kimesimama utosini kama nywele za mtoto aliyetoka kunyolewa, mdomo unacheka na jino moja la mbele halipo, na chini miguu miwili peku, vidole vimetawanyika. Viatu sikuuchorea, kwa sababu hakuna mchezaji wetu aliyekuwa navyo.

Waliosoma bweni watakumbuka tulivyoandika majina kwenye shuka. Ndivyo tulivyochora fulana. Unachora kwanza kwa penseli, kidogo tu, halafu unaweka kokwa bichi la parachichi chini ya kitambaa, unachoma kwa sindano kufuata mstari, tundu kwa tundu. Maji ya kokwa yanapanda, kwanza hayana rangi, ukingoja yanakuwa mekundu, yakikauka yanakuwa kahawia, na hapo hata ufue kwa jivu hayatoki. Ukikosea umekosea. Mimi na Zuhura tulikaa nyuma ya darasa kila jioni, mimi nachora, yeye anachoma, tukichoka tunabadilishana, vidole vimekuwa rangi ya chai. Parachichi zenyewe tulikula mpaka tukaichukia harufu yake. Zilizobaki nilizibeba nyumbani, na Mama alinung'unika kwamba nachomachoma nguo za watoto wa watu huku ng'ombe wanalia njaa, lakini niliona anazigeuza zile fulana taratibu anapodhani simtazami.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya Baba.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na mtu wa maneno machache mno. Sisi watoto tulimjua kwa kikohozi. Akikohoa mara moja mlangoni, wote tumenyamaza na aliyekaa kwenye kiti chake ameshatoka. Kusifu mtoto mbele yake lilikuwa jambo la kuharibu mtoto. Ukileta ripoti umekuwa wa kwanza anaitazama, anaikunja, anakuuliza kama ndama amekunywa maji. Mwalimu Zakaria alikuja nyumbani mwenyewe kuniombea, akaandaliwa maziwa, akaeleza kwa heshima zote. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, kisha akasema mtoto wa kike hapandi lori la wavulana. Basi. Mwalimu akamaliza maziwa yake akaaga.

Nililia migombani usiku ule ulipoingia, nikalia tena asubuhi. Mama akanifuata akaniambia, "Baba yako akishasema amesema. Futa uso, ng'ombe hawajui habari za lori." Nikafuta uso. Ijumaa nikazikabidhi fulana, nikaziona zinakunjwa moja moja na mpira wangu unacheka katika kila moja, nikarudi nyumbani peke yangu kwa njia ya juu ili nisikutane na mtu.

Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na kila Jumamosi Mama alishuka na ndizi. Kuuza ndizi kwetu ni kazi ya mama. Mwanaume ana kahawa, ndizi ni za mama, na mwanaume kuonekana na mkungu begani anaelekea sokoni ni jambo la kusimuliwa mpaka kanisani. Asubuhi ile Baba alitoka amevaa koti lake la ibada, akaenda migombani, akarudi na mkungu begani. Akamwambia Mama apumzike, leo atashuka yeye. Mama alishika kiuno. Kisha Baba akanigeukia, akasema nichukue chana mbili nimfuate.

Jamani, ile safari. Njia za Nkoaranga mnazijua, zinashuka utadhani zinakimbia mtu, na Jumamosi zimejaa akina mama wenye mizigo. Kila tuliyempita aliamkia, shikamoo mzee, halafu anauliza kwa upole kama Mama watoto anaumwa. Baba anajibu hajambo, anaendelea. Nyuma yetu nasikia vicheko vinazibwa kwa kanga. Mimi na ngata yangu kichwani niliona aibu kwa niaba yake, na sikuelewa kabisa kinachoendelea. Lori la shule lilitupita kwenye kona, wavulana wanaimba, Zuhura amekaa mbele na Mwalimu, kwa kuwa nafasi yangu alipewa yeye na baba yake alimruhusu. Alinipungia mkono. Niliangalia chini.

Sokoni Baba hakujua hata mahali pa kukaa. Mama wa kwanza aliyetaja bei, Baba akakubali palepale, mpaka yule mama akaanza kuzikagua ndizi upya akidhani zina ugonjwa. Tulikuwa tumemaliza kabla wenzetu hawajatandika. Baba akapangusa bega la koti, akasema twende. Nikaanza kuelekea njia ya kupanda nyumbani. Yeye akashika ya kushuka, iliyokwenda uwanjani, wala hakugeuka kunitazama kama namfuata.

Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu. Watoto wa mjini walikuwa na jezi za dukani, soksi ndefu, na mpira wa ngozi uliokuwa vilevile kama Zuhura alivyouchora. Timu yetu ikaingia, peku, fulana zingine zimeshafanana na rangi ya chai, na mpira wangu kila kifua. Kwa muda mfupi nilihisi nimekua ghafla. Halafu upande wa pili mtu mmoja akapaza sauti kwamba hawa wamekuja na kabichi. Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Kabichi, kabichi, wengine wakasema ni mzigo wa kuni. Nahodha wetu akakunja mikono kifuani kuficha mchoro, na wenzake wakaona wakafanya hivyohivyo. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilijificha nyuma ya koti la Baba, nikashika ncha yake, na machozi yalikuwa yameshafika.

Pembeni yetu alikuwepo mtu amesimama na baiskeli, mtu mzima wa makamo, anacheka mpaka anajifuta macho. Akamwamkia Baba, kisha akamuuliza, "Hivi mzee, hao watoto wamechora nini pale kifuani?"

Baba hakukohoa. Alisema, "Mpira."

Yule mtu akauliza mpira gani una kamba na miguu.

"Mpira wetu ndivyo ulivyo," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kusoma masomo kanisani, ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa. "Amechora binti yangu. Huyu hapa." Akanyoosha mkono nyuma, akanitoa kwenye koti, akanisimamisha mbele yake na kunishika mabega mbele ya watu wote.

Watu wa karibu wakageuka kunitazama. Yule wa baiskeli akaacha kucheka, akanitazama mimi, akautazama tena ule mpira uwanjani, akasema kumbe, kweli, sasa nauona. Nahodha wetu alikuwa karibu na mstari, alisikia. Alishusha mikono. Mmoja mmoja wakashusha, mpira wangu ukaanza kukimbia uwanja mzima huku unacheka na pengo lake, na mikono ya Baba haikutoka mabegani mwangu mpaka filimbi ya mwisho. Msiniulize tulifungwa mangapi. Tulifungwa, hilo ni kweli, vijana wetu waliupiga ule mpira wa ngozi kwa nguvu za kupigia wa kamba, ukawa unaishia kwenye mahindi ya watu.

Njiani kurudi alinibebea ngata yangu. Mama alipouliza habari za soko, Baba alisema soko lilikuwa baya, kisha akaniuliza kama ndama amekunywa maji. Habari ya mchoro hakuitaja tena, si siku ile, si nilipomaliza shule, si nilipoolewa. Alitangulia miaka mingi iliyopita, mzee wangu, akiwa mtu wa maneno machache vilevile.

Glory naye alimaliza mpira wake jioni ile ile. Ulikuwa mzuri, wenye vipande vyeusi, macho makubwa na viatu vya michezo vyenye kamba. Mama yake akaupiga picha kabla Glory hajainuka, akauweka kwenye simu ameandika msanii wangu, na alama za mioyo zikaanza kumiminika kutoka kwa mashangazi, majirani, na watu walioko Dar ambao hawajawahi kumbeba mtoto huyu. Nami nilimsifu, tena kwa sauti, maana sisi mabibi wa sasa tumeshajifunza. Mtoto wa siku hizi akinywa uji wote anapigiwa makofi, akivaa kiatu mguu sahihi anarekodiwa. Na sisemi ni vibaya. Wanakua wanatabasamu, hawaogopi vikohozi vya mtu, wanakaa kwenye kiti cha babu yao na babu mwenyewe anasimama. Nawaangalia nafurahi, kweli kabisa.

Ila nilimwona Glory amekaa na ile simu mapajani, mchoro ameuacha sakafuni, anasubiri moyo mwingine uingie. Ukiingia anatabasamu kidogo, halafu anasubiri tena. Nikatamani nimwazime dakika moja tu ya pale uwanjani, aone mtu mgumu wa kusema anamjibu mgeni kwa sauti ya kanisani. Mimi niliyasikia maneno yale mara moja maishani, hata sikuambiwa mimi, na toka siku ile sijawahi kujiuliza kama baba yangu alinipenda.